Silaha za maangamizi huvuka kwa mihuri yetu, si kwa njia za panya

RAMANI ya Afrika Mashariki ina Rombo mbili. Ya kwanza iko Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, kwenye mashamba ya nyanya na vitunguu yaliyo chini ya Mlima Kilimanjaro. Ya pili iko ng'ambo ya mpaka, nayo ni wilaya ya Mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania.

Baina ya Rombo hizo mbili kuna kituo cha mpakani cha Illasit upande wa Kenya, na mji wa Tarakea upande wa Tanzania. Kuna pia vijia visivyo na idadi ambavyo wenyeji wamevipita tangu enzi za mababu zao, kabla Mwingereza na Mjerumani hawajakaa mezani na kuchora mstari wao.

Mahindi, maharage, ndizi na mifugo huvuka hapo bila kelele nyingi. Mbolea ikiwa rahisi upande mmoja, haichukui muda kuonekana upande wa pili. Dawa ya kunyunyizia nyanya ikikosekana katika duka la pembejeo la huku, mkulima humwagiza jamaa yake wa kule.

Mtu akisimama katikati ya soko hilo na kuanza kuzungumzia silaha za maangamizi, yaani za nyuklia, za kemikali na za kibayolojia, bila shaka atachekwa. Hayo, wataambiana wachuuzi, ni mambo ya Marekani, Urusi, Iran na Korea Kaskazini.

Hata hivyo, tangu tarehe 28 Aprili 2004 kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa, Kenya na Tanzania zikiwemo, imebebeshwa wajibu wa kudhibiti bidhaa zinazoweza kutumiwa kuunda silaha hizo. Wajibu huo unahusu bidhaa zinazouzwa nje, zinazopita tu nchini, zinazohamishwa kutoka meli moja hadi nyingine na zile zinazoingizwa kisha zikauzwa tena kwingine.

Swali linalofaa kuulizwa ni je, katika eneo kama hili letu, hatari hiyo iko wapi hasa? Wengi hujibu haraka kwamba iko katika njia za panya. Mwandishi wa makala haya anaamini jibu hilo si sahihi, na kwamba kulishikilia kunaweza kuwaumiza wasio na hatia huku wahusika wenyewe wakipita mlango wa mbele wakiwa na karatasi safi.

Chimbuko la wajibu huo

Oktoba 2003, meli iliyoitwa BBC China, mali ya kampuni ya Ujerumani, ilikuwa safarini kwenda Libya baada ya kupitia Mfereji wa Suez. Ilielekezwa katika bandari ya Taranto, Italia, na kupekuliwa.

Ndani ya makontena yake kulipatikana maelfu ya vipuri vya mitambo inayozunguka kwa kasi kubwa ili kurutubisha madini ya urani. Vipuri hivyo vilitengenezwa katika kiwanda kimoja nchini Malaysia na kusafirishwa kupitia Dubai. Kwa mujibu wa polisi wa Malaysia, kiwanda hicho kilidai kuwa kilijua vipuri hivyo ni vya sekta ya mafuta na gesi.

Nyuma ya biashara hiyo alikuwa Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi aliyeheshimiwa nchini mwake kama baba wa bomu la Pakistan. Februari 2004 alikiri kwenye televisheni kwamba alihusika kuuza ujuzi wa nyuklia nje ya nchi.

Jambo lililowashtua wakuu wa dunia si kwamba siri ya bomu ilivuja tu. Kilichowashtua zaidi ni namna ilivyovuja. Hapakuwa na majasusi waliotambaa gizani. Palikuwa na viwanda vyenye leseni, mawakala wa forodha, ankara, hati za shehena na benki. Biashara ya bomu ilitumia barabara ile ile inayotumiwa na biashara ya friji na matairi.

Wiki chache baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja Azimio nambari 1540. Kabla ya hapo, mikataba mikuu ya kimataifa ilizifunga serikali zaidi ya watu binafsi. Azimio hilo lilizitaka serikali zitunge sheria za kuwabana pia wafanyabiashara, makundi ya kigaidi na madalali. Muda wa kamati inayosimamia utekelezaji wake umeongezwa mara kadhaa, na mwaka 2022 uliongezwa hadi Novemba 2032.

Bidhaa yenye sura mbili

Ugumu wa kazi hiyo uko katika hali ya bidhaa zenyewe. Bastola ni bastola, na afisa wa forodha huijua akiiona. Lakini bidhaa nyingi zinazohitajika kuunda silaha za maangamizi si silaha. Ni pampu, vali, vyuma vigumu, vifaa vya maabara na kemikali za viwandani, ambazo kwa kawaida hufanya kazi halali na yenye manufaa.

Mkulima wa Rombo anaweza kushangaa akiambiwa kwamba historia ya sumu kali kabisa za kivita ilianzia kwenye kazi inayofanana na yake. Mwaka 1936 mwanakemia wa Ujerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu wa mimea. Alichokipata ni tabun, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walipata sumu nyingine, sarin.

Hii haina maana kwamba chupa iliyo kwenye rafu ya duka la pembejeo ni bomu. Baina ya dawa ya nyanya na silaha ya kemikali kuna safari ndefu ya utaalamu, mitambo na fedha. Maana yake ni kwamba viwanda vinavyotengeneza vitu hivyo ni jamaa wa karibu, na baadhi ya malighafi zao ni zile zile.

Chukua mfano wa floridi. Watu wa Kajiado na wa nyanda zinazozunguka Kilimanjaro wanaifahamu vyema, kwa kuwa imo kwa wingi katika maji ya visima vingi na huyatia meno rangi ya kahawia. Viwanda navyo huitumia katika dawa ya meno na katika kusafisha vyuma. Lakini floridi ya sodiamu imo pia katika orodha ya kemikali zinazodhibitiwa kimataifa, kwa sababu inaweza kutumiwa katika hatua za kutengeneza sarin.

Januari 2012 Uingereza ilitoa leseni za kuuza floridi ya sodiamu na ya potasiamu nchini Syria. Mnunuzi alieleza kuwa ni za kung'arisha fremu za alumini. Leseni hizo zilifutwa Julai mwaka huo kabla ya mzigo kusafirishwa, vikwazo dhidi ya Syria vilipoongezwa.

Tarehe 21 Agosti 2013 mamia ya watu, watoto wakiwemo, waliuawa kwa sarin katika kitongoji cha Ghouta, karibu na Damascus. Hakuna anayesema kemikali za leseni zile zilitumika, kwa kuwa hazikuondoka Uingereza. Ila wabunge wa nchi hiyo waliuliza swali ambalo lingefaa kuulizwa kila mahali: aliyesaini kibali alijuaje fremu hizo za alumini zipo?

Swali hilo ndilo kiini cha udhibiti wa biashara. Bidhaa pekee haitoshi kumwambia afisa lolote. Anapaswa kujua ni nani anayeinunua, anaitaka kwa kazi gani, na kiasi anachoagiza kinalingana na kazi hiyo au la.

Kundi la Aum Shinrikyo la Japani liliwafundisha walimwengu somo hilo kwa uchungu. Tarehe 20 Machi 1995 lilifungulia sarin katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo, likaua watu zaidi ya kumi na kujeruhi maelfu. Kemikali zake lilizinunua madukani na viwandani kupitia kampuni lilizozisajili kwa mujibu wa sheria.

Ripoti iliyotolewa mwaka huo katika Seneti ya Marekani ilieleza zaidi kwamba mwaka 1992 kiongozi wa kundi hilo alikwenda na wafuasi wake nchini Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kwa jina la kutoa msaada wa kitabibu. Ripoti ilisema nia ilikuwa kutafuta virusi vya Ebola. Kumbe hata misheni ya matibabu huweza kuwa hati bandia.

Afrika Mashariki inahusikaje?

Wapo watakaosema Afrika haina cha kuogopa, kwani haina silaha hizo. Ni kweli kwamba Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, uliifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Lakini pia ni kweli kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika kuunda bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Bara hili lilikuwa ndani ya hadithi hii tangu ukurasa wa kwanza.

Machimbo hayo yalifungwa rasmi kabla ya uhuru wa Congo. Hata hivyo, wachimbaji wadogo waliendelea kuingia humo kutafuta kobalti. Julai 2004 sehemu ya machimbo iliporomoka na kuua watu, miezi michache baada ya Rais Joseph Kabila kuagiza yafungwe kabisa. Shaba na kobalti za Katanga leo hufika baharini kupitia bandari mbalimbali, Dar es Salaam ikiwa mojawapo.

Hata hivyo, mchango wa eneo letu ambao unapaswa kutukosesha usingizi ni wa karatasi kuliko wa madini. Matukio matatu ya miaka ya karibuni yanatosha kuonyesha jambo hilo.

La kwanza ni la meli ya Faina. Wasomaji wanakumbuka jinsi maharamia wa Kisomali walivyoiteka meli hiyo ya Ukraine Septemba 2008 ikielekea Mombasa, ikiwa na vifaru 33 vya aina ya T-72 na silaha nyinginezo. Iliachiliwa Februari 2009 baada ya kikombozi cha dola milioni 3.2 kulipwa.

Serikali ya Kenya ilisisitiza kuwa vifaru hivyo ni vya jeshi la Kenya, na hati ziliitaja Wizara ya Ulinzi ya Kenya. Lakini hati hizo pia zilikuwa na herufi ambazo wachunguzi walizitafsiri kuwa ni za Serikali ya Sudan Kusini. Barua za kibalozi zilizofichuliwa na WikiLeaks mwaka 2010 zilionyesha kuwa wanadiplomasia wa Marekani waliamini mzigo ulikuwa wa Juba.

Vifaru si silaha za maangamizi makubwa. Ila hati ya mtumiaji wa mwisho, ile inayoapa kwamba mzigo ni wa fulani na hautapelekwa kwingine, ni ile ile katika biashara ya vifaru na katika biashara ya kemikali au mitambo ya nyuklia. Dunia iliambiwa kupitia sakata hilo kwamba jina la Kenya kwenye hati haliwezi kuchukuliwa kuwa neno la mwisho.

Tukio la pili linagusa moja kwa moja mpango wa nyuklia. Mwaka 2012, wakati Marekani na Umoja wa Ulaya zikiibana Iran kwa vikwazo vya mafuta kwa sababu ya mpango wake wa nyuklia, ilibainika kwamba meli 36 za mafuta za Iran zilikuwa zimesajiliwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia Zanzibar.

Serikali ya Tanzania ilieleza kwamba usajili huo ulifanywa na wakala aliyekuwa Dubai bila yenyewe kujua, na ikachukua hatua ya kuzifutia usajili. Hakuna sababu ya kutilia shaka maelezo hayo. Lakini tukiyakubali, tunakubali pia kwamba bendera ya taifa ilikuwa inagawiwa katika ofisi iliyo nje ya nchi, na mwenye bendera aliarifiwa na wageni.

La tatu lilitokea Januari 2018. Walinzi wa pwani wa Ugiriki waliisimamisha karibu na kisiwa cha Krete meli iitwayo Andromeda, iliyokuwa ikipeperusha bendera ya Tanzania. Ilikuwa na makontena 29 yenye vitu vya kutengenezea vilipuzi.

Hati zake zilisema shehena imepakiwa katika bandari za Uturuki za Mersin na Iskenderun na inapelekwa Djibouti na Oman. Nahodha aliwaambia wachunguzi kuwa aliamriwa aende Misrata, Libya, nchi iliyowekewa vikwazo vya silaha. Tanzania iliifutia meli hiyo usajili mwezi huo huo na kuagiza uchunguzi wa meli nyingine za kigeni zilizobeba bendera yake.

Msomaji atazame kinachofanana katika matukio hayo. Hakuna hata moja ambalo mzigo ulipita porini usiku. Hakuna aliyebeba kitu kichwani na kuwakwepa askari wa mpakani. Kilichotafutwa kwetu kilikuwa jina la wizara, bendera ya meli na jina la bandari ya kuandikwa kwenye hati.

Mfanya magendo wa kiwango hicho hahitaji njia ya panya. Anahitaji muhuri, na muhuri wetu una thamani kwake kwa sababu ni halali, hautiliwi shaka sana na, jambo linaloumiza kulisema, mara nyingine hupatikana bila maswali mengi. Kikulacho, walisema wahenga, ki nguoni mwako.

Sheria zetu zimefika wapi?

Si haki kusema hatuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina majedwali ya bidhaa zilizopigwa marufuku na zile zinazohitaji kibali. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 iliyounda mamlaka ya kusimamia vifaa vyenye mionzi. Dawa za kilimo zina bodi yake ya kuzisajili.

Tatizo ni kwamba kila sheria inalinda mlango wake. Bodi ya dawa za kilimo huangalia kama dawa inaua wadudu na haimdhuru mlaji. Mamlaka ya nyuklia huangalia mionzi. Forodha huangalia ushuru. Pampu ambayo haina mionzi, si dawa na imelipiwa ushuru hupita milango yote mitatu bila mtu yeyote kuuliza inakwenda kufanya nini.

Pengo hilo ndilo sheria mahususi ya bidhaa za kimkakati hukusudiwa kuziba. Katika miaka ya karibuni Kenya imekuwa ikiandaa mswada wa aina hiyo. Sheria kama hiyo huwa na mambo manne ya msingi: orodha ya bidhaa, ofisi moja ya kutoa leseni, wajibu wa kumtaja mtumiaji wa mwisho, na uwezo wa kuzuia hata bidhaa isiyo kwenye orodha endapo kuna sababu ya kuamini inakusudiwa kwa silaha.

Lakini hata sheria nzuri ya Kenya pekee haitatosha. Tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya zimekuwa zikitekeleza mfumo wa eneo moja la forodha, ambapo ushuru hulipwa pale bidhaa inapoingia mara ya kwanza. Kontena likikaguliwa Mombasa au Dar es Salaam, ukaguzi huo unapaswa kuaminiwa hadi Kampala na Kigali.

Huo ni mfumo mzuri kwa biashara. Kwa udhibiti, hata hivyo, una maana kwamba nguvu ya nchi zote ni sawa na nguvu ya bandari iliyo dhaifu kuliko zote. Kenya ikiwa na orodha na jirani akakosa, mfanyabiashara mwenye nia mbaya hatapoteza muda wake Mombasa.

Kuna pia kikwazo cha kiufundi ambacho hakizungumzwi sana. Forodha duniani kote huzitambua bidhaa kwa nambari maalumu. Nambari moja hubeba bidhaa nyingi zinazokaribiana. Vali ya kawaida ya maji ya umwagiliaji, na vali ya chuma kisicholika iliyoundwa kwa kemikali kali, zaweza kuwa chini ya nambari ile ile. Kompyuta ya forodha haitapiga kengele. Anayeweza kuzitofautisha ni mtu aliyefunzwa.

Upande wa fedha nao umeanza kubana. Vita dhidi ya ufadhili wa silaha hizo sasa ni sehemu ya vigezo ambavyo Kikosi Kazi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, FATF, hutumia kuzipima nchi. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya kikosi hicho Oktoba 2022 na kuondolewa Juni 2025. Kenya iliwekwa humo Februari 2024.

Sababu za kuwekwa humo ni nyingi, na silaha ni sehemu tu. Lakini athari humfikia hata asiyejua FATF ni nini, kwani benki za nje huongeza maswali, malipo huchelewa, na mwagizaji wa mbolea hulipa zaidi. Gharama ya muhuri unaotiliwa shaka huishia kwenye bei ya gunia.

Serikali pia hulipa kwa njia nyingine. Mei 2016, Rais wa Korea Kusini wakati huo, Park Geun-hye, alipozuru Kampala, Uganda ilitangaza kusitisha ushirikiano wa kijeshi na Korea Kaskazini, nchi ambayo mapato yake ya nje yanatiliwa shaka kuwa hugharamia mpango wake wa nyuklia. Mikataba iliyoonekana ya kawaida, kama ya kuwafunza polisi, ilikuwa imegeuka kuwa suala la kimataifa.

Mkulima wa Rombo asigeuzwe mshukiwa

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Serikali ikiambiwa kuna hatari mpakani, silika yake ya kwanza huwa ni kuongeza vizuizi barabarani. Na kizuizi kikiongezwa, anayesimamishwa si mwenye kontena. Ni mama wa vitunguu, kijana wa bodaboda aliyebeba nusu gunia la mbolea, na mfugaji anayepeleka dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe imekiri umuhimu wa watu hao. Ina utaratibu uliorahisishwa kwa ajili ya mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ili mchuuzi apate cheti cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani bila kumtafuta wakala. Itakuwa ni kurudi nyuma iwapo udhibiti wa silaha za maangamizi utatumiwa kuua utaratibu huo.

Ni kweli kwamba kipimo cha thamani hakipimi hatari. Kitu cha dola mia tano chaweza kuwa nyeti kuliko lori zima la saruji. Lakini orodha za kimataifa za bidhaa nyeti ni za vifaa na kemikali za viwanda maalumu. Mahindi, nyanya, ndizi na mbuzi hazimo, na wala hazikaribii. Afisa mwenye orodha mkononi humwachia mchuuzi apite upesi zaidi. Asiye na orodha ndiye humshuku kila mtu, na kila anayeshukiwa hujikuta akitafuta cha kumtoa afisa kwenye njia.

Huo ndio mlango ambao hongo huingilia. Afisa aliyezoea kupokea shilingi mia mbili kutoka kwa mwenye nusu gunia amekwisha kufundishwa kwamba muhuri una bei. Siku mwenye kontena atakapokuja, watakachojadiliana ni kiasi tu.

Kwa hiyo nguvu zielekezwe mahali panapostahili. Kwanza ni bandarini na katika maghala ya mizigo mikubwa, ikiwemo ile inayohifadhiwa kwenye ukanda wa viwanda wa Athi River na Kitengela kabla ya kusambazwa kupitia Namanga, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi Desemba 2018.

Pili ni kwa mawakala wa forodha. Wao ndio huandika maelezo ya mzigo, na mara nyingi ndio wa kwanza kuona kisichoeleweka: mnunuzi asiyejua matumizi ya mtambo anaoununua, anayelipa fedha taslimu kwa kitu cha mamilioni, au kiwanda cha sabuni kinachoagiza kemikali inayotosha viwanda kumi. Wakala afunzwe, alindwe anapotoa taarifa, na anyang'anywe leseni anapofumba macho.

Tatu ni kwa wenye mamlaka ya kutoa hati za taifa. Kila hati ya mtumiaji wa mwisho iwe na afisa anayejulikana kwa jina na cheo, na nakala yake ihifadhiwe mahali ambapo bunge linaweza kuiomba. Usajili wa meli usikabidhiwe ofisi iliyo mbali ambayo mwenye bendera hawezi kuikagua. Hatua hizo hazihitaji mitambo ya mabilioni. Zinahitaji daftari linalotunzwa na mkubwa asiyeogopa kuulizwa.

Nne ni kwa Jumuiya. Iwe na orodha moja ya bidhaa nyeti, iliyoandikwa pia kwa Kiswahili, lugha inayoeleweka Illasit na Tarakea. Sheria ambayo afisa wa mpakani hawezi kumweleza mwananchi kwa lugha yake hugeuka haraka kuwa kisingizio cha kumtisha.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 213 walifariki Nairobi na 11 Dar es Salaam, wengi wao Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wakipita njia. Mabomu hayo hayakuwa ya nyuklia wala ya kemikali. Lakini yalitufundisha kwamba vita vya wengine vinaweza kuua watu wetu, na kwamba waliovileta waliishi miongoni mwetu, wakasajili biashara na mashirika, na wakapewa hati kama wapangaji wengine wote.

Funzo hilo linafaa kukumbukwa kila tunapojadili mswada, mkataba au azimio lenye nambari ndefu. Mkulima wa Rombo, awe wa huku au wa kule, hatakiwi kujua kanuni za kemia wala maazimio ya New York. Anachostahili ni kuvuka na vitunguu vyake kwa amani, akijua kwamba aliyeketi nyuma ya meza mwenye muhuri, huko bandarini na wizarani, ameuliza maswali yake kabla ya kuugonga.